Nyumba za Maendeleo: Kutoka Moscow hadi Michenzani, na Funzo kwa Familia za Tana

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Msemo huu unatufaa sana wakati huu, kwani mazungumzo ya nyumba za ghorofa yamefika hata kwetu Chewele, ambako tangu zamani nyumba ni kitu kinachokaa juu ya ardhi, chenye ua wake na kivuli chake. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilipotiwa saini mwezi wa Machi 2024, kila mwenye mshahara nchini Kenya hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba hizo, na mwajiri wake hutoa kiasi hichohicho. Nazo familia nyingi za kandokando ya mto Tana, zilizohamishwa na mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 na yale ya 2024, zinajiuliza zijenge wapi na zijenge vipi. Kwa hiyo si mapema kuuliza: ghorofa zilizojengwa kwa ramani moja, kwa wingi na kwa haraka, zimewafaa vipi watu waliozikalia kabla yetu?

Jawabu lipo karibu kuliko tunavyodhani. Lipo Unguja, katika majumba marefu ya Michenzani. Lakini ili tuyaelewe majumba hayo, yatupasa kwanza tuende mbali kidogo, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Muungano wa Sovieti.

Nyumba iliyotoka kiwandani

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, miji mingi ya Sovieti ilikuwa magofu, na watu waliohamia mijini kutafuta kazi za viwandani walikuwa wengi kupita kiasi. Ilikuwa kawaida familia nne au tano kugawana nyumba moja: kila familia chumba chake, lakini jiko moja, choo kimoja na ukumbi mmoja wa kupitia. Kila mama alikuwa na sufuria zake katika jiko hilo, na ugomvi juu ya chumvi, nafasi na zamu ya kuosha haukuisha.

Nikita Khrushchev aliposhika uongozi, aliamua kuiondoa hali hiyo. Mnamo Novemba 1955 serikali yake ilitoa amri ya kupiga marufuku mapambo na gharama zisizo za lazima katika ujenzi. Nguzo za nakshi, minara na dari zilizochongwa zikaachwa. Mwaka 1957 ikatolewa amri nyingine, ya kuipa kila familia nyumba yake peke yake. Mhandisi Vitaly Lagutenko na wenzake wakabuni majumba ambayo kuta zake zilimwagwa zege kiwandani zikiwa vipande vikubwa vikubwa, kisha zikapelekwa kwa malori na kusimamishwa kwa winchi. Kwa njia hiyo jumba zima liliweza kusimama kwa muda wa wiki chache. Makumi ya mamilioni ya watu wakahamia humo.

Majumba hayo yalikuwa na sifa zake zinazotambulika hadi leo. Mengi yalikuwa na ghorofa tano, wala si kwa bahati: kanuni ziliruhusu jumba la kimo hicho kujengwa bila lifti, na lifti ni ghali. Dari ilikuwa ya mita 2.5 hivi, hata mtu mrefu akiinua mkono anakaribia kuigusa. Jiko lilikuwa dogo mno, mita za mraba 5 au 6, mahali pa mtu mmoja kusimama na mwingine kumsubiri mlangoni. Bafu na choo viliwekwa chumba kimoja. Juu ya ukuta kati ya jiko na bafu kulikuwa na kijidirisha cha kupitisha mwanga wa mchana. Na chini ya dirisha la jiko kilijengwa kikabati katika unene wa ukuta wa nje; wakati wa baridi kali kikawa ni friji isiyohitaji umeme. Kuta za ndani zilikuwa nyembamba, na jirani akikohoa ulisikia.

Tena majumba yalifanana kupindukia. Kuna filamu mashuhuri ya Kirusi, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika televisheni tarehe 1 Januari 1976, inayomhusu mtu wa Moscow aliyepelekwa Leningrad akiwa hajitambui. Alipozinduka aliona mtaa wenye jina la mtaa wake, jumba lenye namba ya jumba lake, na ufunguo wake ukaufungua mlango wa mtu mwingine. Warusi hucheka kila mwaka wanapoitazama, kwa sababu waliishi humo na wanajua kwamba jambo lile halikuwa mbali na ukweli.

Tusiyadharau majumba hayo, hata hivyo. Kwa mama aliyetoka katika jiko la familia tano, jiko la mita 5 lenye mlango wa kufunga lilikuwa neema. Kwa mara ya kwanza alikuwa na maji yake, choo chake na sitara yake. Kosa, ikiwa lilikuwapo, ni kwamba mengi yalijengwa kuwa makao ya muda, ya miaka 25 hivi, lakini muda ule ukapita na watu wakabaki. Mwaka 2017 mji wa Moscow ulitangaza mpango wa kuyaondoa zaidi ya majumba 5,000 ya zamani na kuwahamisha wakazi wake. Cha muda kikikaliwa na vizazi vitatu si cha muda tena.

Tashkent: walioacha ua

Katika habari hii yote, mji unaotugusa zaidi sisi ni Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, nchi ya Waislamu. Wenyeji wa mji huo wa kale waliishi katika nyumba za udongo zilizoipa njia mgongo na kuelekea ndani, kwenye ua. Ndani ya ua mlikuwa na mti wa matunda, mahali pa kupikia, na faragha ya wanawake. Nyumba nyingi pamoja zilifanya mtaa waliouita mahalla, neno ambalo sisi twalijua kwa sura ya mahali. Kila mtaa ulikuwa na wazee wake na ushirikiano wake katika harusi na misiba.

Alfajiri ya tarehe 26 Aprili 1966 tetemeko la ardhi liliupiga mji huo. Takriban watu 300,000 walikosa makao. Wajenzi walikuja kutoka pembe zote za Sovieti, na mahali pa nyumba za udongo pakainuka majumba ya zege. Familia zilipata bomba la maji ya moto na choo cha ndani, zikapoteza ua. Wajenzi wa pale waliliona pengo hilo. Kuta za majumba mengi zilitiwa mapambo ya vigae yenye nakshi zinazofanana na zile za misikiti na mazulia yao, na madirisha yakawekewa vizuizi vya jua vilivyotobolewa kwa mapambo. Katika miaka ya 1980 walithubutu zaidi: walijenga jumba refu liitwalo Lulu, kwa Kirusi Zhemchug, ambalo kila baada ya ghorofa tatu lina ua wa pamoja uliofunguliwa kwa hewa, ili majirani wakutane na watoto wacheze huko huko juu. Halikuigwa sana, lakini linathibitisha kwamba ghorofa si lazima iwe adui wa ua.

Ng'ambo yavunjwa, Michenzani yainuka

Sasa na turudi kwetu pwani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa nje ya kambi ya kikomunisti kuitambua Ujerumani ya Mashariki, na Wajerumani hao wakajibu kwa msaada. Sehemu ya msaada huo ilikuwa nyumba: majumba ya ghorofa yalijengwa Kikwajuni na Kilimani katika miaka ya 1960. Mwaka 1968 mpangaji miji wa Kijerumani, Hubert Scholz, aliandaa ramani ya mji mzima wa Zanzibar.

Shabaha ilikuwa Ng'ambo, yaani upande wa pili wa hori iliyoutenga Mji Mkongwe wa mawe na mitaa ya watu wa kawaida. Nyumba za Ng'ambo nyingi zilikuwa za fito na udongo, zimeezekwa kwa makuti au mabati, zina baraza mbele, ukumbi katikati na ua nyuma. Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alitaka kuonyesha kwamba mkazi wa Ng'ambo anastahili nyumba ya mawe, yenye umeme na maji, sawa na mkazi wa Mji Mkongwe. Tuseme wazi kwamba nia hiyo ilikuwa njema, kwani ubaguzi wa makao ulikuwa kidonda cha wakati wa ukoloni.

Zikakatwa barabara mbili pana zinazokutana penye mzunguko mkubwa, na kandokando yake yakainuka majumba marefu. Mengine yanakaribia mita 300 kwa urefu, na hiyo ndiyo sababu watu huyafananisha na treni. Wananchi walitoka kwa kazi za kujitolea, wakibeba mawe na kuchanganya zege. Mzee Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 kabla ya kazi kumalizika, na mrithi wake, Mzee Aboud Jumbe, akaiendeleza. Majumba ya namna hiyo hayakuishia mjini: yalijengwa pia Makunduchi, Bambi na Chaani huko Unguja, na Wete, Chake Chake, Mkoani na Micheweni huko Pemba. Wenyeji wakayaita Nyumba za Maendeleo, na jina hilo limeganda.

Anayetembelea Michenzani leo ataziona sifa zilezile za kule Moscow: mistari iliyonyooka, madirisha yanayofanana, ngazi bila lifti, vyumba vilivyopimwa kwa ajili ya baba, mama na watoto wachache. Lakini ataona pia jinsi Waswahili walivyoifanya nyumba ya ramani kuwa nyumba yao. Chini ya majumba pameenea maduka, vibanda na biashara ndogondogo. Roshani zimekuwa ua mdogo, mahali pa kuanika nguo na kupepeta mchele. Vijia na viwanja kati ya majumba vimerudisha kazi ya baraza, kwani jioni watu hukaa hapo, wakanywa kahawa na kujadiliana siasa. Maskani ya Kisonge, iliyopo Michenzani, ni mashuhuri kwa mijadala hiyo Zanzibar nzima.

Mzigo uliopanda ngazi

Tulisema tutauliza yamewafaa vipi waliokaa. Kwa mengi, yamewafaa: zege haliogopi moto kama makuti, haliliwi na mchwa, na halidai kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Taabu kubwa ilitoka kwenye bomba. Presha ya maji ya mji haikutosha kuyapandisha hadi ghorofa za juu, na wakazi wa huko walilazimika kuyafuata chini na kuyapandisha kwa ndoo. Ramani haikusema nani atayabeba. Mila ikajibu: wanawake na watoto.

Na maji hayakuwa peke yake. Ramani ilitoka katika nchi ya baridi ambako watu hupika kwa gesi au umeme. Huku kwetu jiko ni la makaa. Jiko la makaa katika chumba chenye dirisha moja ni hatari ya moshi, na moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyonusa wala kuonekana, inayoua watu usingizini. Ndiyo maana mwenye roshani akaligeuza kuwa jiko. Nazi ikunwe wapi, na mtama utwangwe wapi bila jirani wa chini kuugua kichwa? Bibi aliyezoea kutoka barazani asubuhi akawa mfungwa wa ghorofa ya nne kwa sababu magoti hayamruhusu ngazi. Mauti yanapoingia, jeneza hupindishwa kwa taabu katika kona za ngazi nyembamba, na wenye msiba hawana ua wa kuwakalisha waliokuja kutoa mkono wa pole.

Hatusemi haya ili kuyatukana majumba ya Michenzani. Familia zimelea humo watoto kwa zaidi ya miaka 50, nao wamekuwa walimu, mabaharia na madaktari. Twasema kwa sababu yote hayo yangeweza kujulikana mapema kama mama mmoja wa Ng'ambo angeketishwa mbele ya ramani na kuulizwa siku yake inavyokwenda, tangu alfajiri hadi isha.

Nasi pia tulipewa ramani

Msomaji wa Chewele anaweza kusema kwamba hayo ni ya Unguja. La. Sisi pia tuliletewa makao ya ramani moja, ingawa hayakuwa ya ghorofa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali, ikisaidiwa na Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ilianzisha mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Bura. Vijiji vilipimwa kwa mistari na kupewa namba badala ya majina. Familia zikaletwa kutoka sehemu nyingi za Kenya kuungana na wenyeji wa Tana, kila mpangaji apate nyumba na shamba, alime pamba.

Uhai wa mpango huo wote ulitegemea pampu zilizowekwa Nanigi kuvuta maji ya mto. Pampu zilikula mafuta na vipuri, na zilipokwama, mifereji ilikauka pamoja na matumaini ya watu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mradi ulikuwa umeporomoka. Kama Michenzani, kuta zilibaki zimesimama. Kilichokatika ni maji, na ufunguo wa maji haukuwa mikononi mwa mwenye nyumba.

Kuni nazo zina kisa chao. Wapangaji wa mradi walijua kwamba familia nyingi zikiletwa mahali pamoja zitaumaliza msitu wa kandokando ya mto, kwa hiyo miti ya kuni ikapandwa, na mmojawapo ukawa mathenge. Kila mfugaji wa Tana anaujua mwisho wa habari hiyo: mathenge ukaenea hadi malishoni, ukaziba njia za mifugo, na miiba yake ikawa adhabu. Tiba iliyotolewa bila kumsikiliza mgonjwa ikawa maradhi mapya.

Tukumbuke pia kwamba bonde letu halikukosa elimu ya ujenzi. Wapokomo walijua kuijenga nyumba ya fito na udongo karibu na mashamba ya mtoni, na wakaijua tabia ya mto. Waorma walikuwa na nyumba ya fito zilizopindwa, iliyofunikwa kwa nyasi na mikeka, inayovunjwa, ikapakiwa na kusimamishwa kwingine. Na fundi wake ni mwanamke. Katika jamii hiyo aliyejua nguzo ikae wapi na mlango utazame wapi ni mama mwenyewe. Ni ajabu, basi, kwamba ramani za siku hizi zinapoletwa, yeye ndiye wa mwisho kuonyeshwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchukua ufunguo

Familia itakayopewa nafasi ya kununua au kupanga nyumba ya ghorofa, iwe Hola, Garsen, Malindi au Mombasa, isiangalie rangi ya ukuta na vigae vya sakafu tu. Iulize, na akina mama wawe mbele katika kuuliza:

Maji yanapandaje? Kuna tangi juu ya paa, na pampu ikiharibika ni nani anayeitengeneza, kwa fedha za nani?

Jiko limejengwa kwa moto gani? Kama familia inapikia makaa, hewa inapita, au italazimika kununua gesi kila mwezi? Gharama hiyo iingizwe katika hesabu ya nyumba.

Mlango wa mbele unatazama wapi? Sura An-Nur, katika aya ya 27, imetufundisha kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu. Adabu hiyo ni nyepesi penye kiambaza au pazia baina ya mlango na vyumba, na ni nzito pale mlango ukifunguliwa tu mgeni anapoliona jiko na kitanda.

Mzee au mgonjwa atakaa ghorofa ya ngapi? Majirani wanaweza kukubaliana tangu mwanzo kuwaachia wazee vyumba vya chini, na makubaliano hayo ni sadaka isiyogharimu kitu.

Watoto watacheza wapi, na msiba au harusi itakaa wapi? Kiwanja kilichoachwa wazi kati ya majumba kisiuzwe. Kikiuzwa leo kwa ajili ya duka, kesho hapatakuwa na mahali pa kutandika jamvi.

Nyumba itaandikwa kwa jina la nani? Uislamu umempa mwanamke haki ya kumiliki mali yake. Mama aliyechangia kwa kushona, kuuza samaki au kufundisha madrasa ana haki jina lake lionekane katika karatasi, na jambo hili likubaliwe mapema kwa maelewano, si baada ya talaka au mauti.

Na mwisho, ni nani atakayefagia ngazi, atabadilisha taa ya ukumbini, atazibua bomba la taka? Katika nyumba yenye ua kila mtu anajua mipaka ya ufagio wake. Katika ghorofa mipaka hiyo ni ya pamoja. Watu wa Tashkent walipohamia majumba ya zege walibeba ule ujirani wao wa mahalla, wakawa wanafagia pamoja na kuzikana pamoja. Sisi tunao ujirani huo. Vikundi vyetu vya akina mama vya kuwekeana akiba na vya kusaidiana misibani ni hazina, na ndivyo vinavyofaa kukutana na maofisa wa nyumba wakati ramani ingali karatasi, kwani karatasi hufutika kwa raba, na zege halifutiki.